Matunzo na Matumizi ya Frateri: Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Walei

Kwa Halmashauri ya Walei ya parokia yoyote itakayojitambua humu.
Nakala: Paroko, Kamati ya Fedha, mpishi wa nyumba ya mapadri.

YAH: FRATERI WA MWAKA WA KICHUNGAJI

Frateri ni mwanafunzi wa seminari kuu ambaye bado hajapewa daraja takatifu. Nchini Tanzania husoma falsafa katika nyumba kama Kibosho au Ntungamo, kisha teolojia katika nyumba kama Segerea au Kipalapala. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka masomo hayo mawili yachukue miaka sita kamili, na inazuia mtu kupewa upadri kabla ya kutimiza miaka 25. Mahali fulani katikati ya safari hiyo, majimbo mengi humtoa mwanafunzi darasani na kumpeleka parokiani akaishi na paroko kwa muda wa karibu mwaka mmoja, ajifunze kazi kwa kuifanya. Huo ndio mwaka wa kichungaji. Halmashauri humpokea kwa vigelegele, lakini hakuna mwongozo wa matumizi unaoambatana naye. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuziba pengo hilo.

Asili ya frateri ni Mtaguso wa Trento. Tarehe 15 Julai 1563 mababa wa mtaguso waliagiza kila jimbo liwe na nyumba ya kulea vijana wanaoelekea upadri. Amri yao iligusa, pamoja na mengine, kazi za vijana hao na gharama zao. Kuhusu kazi, ilisema siku za sikukuu wahudumu katika kanisa kuu na makanisa mengine ya mahali. Kuhusu gharama, ilisema fedha za kuwatunza zikatwe kwenye mapato ya askofu, ya makanoni na ya taasisi nyingine za Kanisa jimboni. Parokia nyingi zimeilinda sehemu ya kazi kwa uaminifu wa kupigiwa mfano. Sehemu ya gharama, inavyoelekea, ilizama baharini kabla meli haijafika Bagamoyo. Trento ilitaja pia masomo ya kufundishwa, yakiwemo sarufi, uimbaji na hesabu za kalenda ya Kanisa. Haikutaja projekta, spika za kanisani wala kundi la WhatsApp la parokia, upungufu ambao Halmashauri imekwisha kuusahihisha.

Kisheria, frateri ni mlei. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa sababu ya ile kanzu nyeupe. Zamani mwanafunzi aliingia katika safu ya wakleri kwa kunyolewa utosi. Mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita aliifuta desturi hiyo, na tangu hapo ukleri huanza siku ya ushemasi. Kwa hiyo kijana anayepishwa njiani na bibi wa miaka themanini, na kuamkiwa shikamoo kabla hajawahi kuitoa yeye, yuko katika kundi moja kisheria na mwenyekiti wa Halmashauri. Tofauti yao ni kwamba mwenyekiti ana shamba.

Utaratibu uliozoeleka ni kwamba saa ya kazi frateri huhesabiwa mkleri, na saa ya posho huhesabiwa mlei. Kanuni namba 281 inasema mkleri anayetoa huduma anastahili malipo yanayolingana na hali yake. Kamati ya Fedha inaifahamu kanuni hiyo vizuri, na inaitafsiri kwa ukali unaostahili: frateri si mkleri, basi haimhusu. Kamati hiyohiyo haijapata kuisoma kanuni namba 767, inayosema homilia ndani ya Misa ni ya padri au shemasi. Paroko akiwa na mafua, au akiwa amechoshwa na vikao vya jimbo, frateri husimamishwa baada ya Injili atoe maneno mawili matatu. Maneno hayo huitwa tafakari, ili kanuni isichukie.

Mapokezi hufanyika Dominika ya kwanza, Misa ya pili, wakati wa matangazo. Frateri husimama mbele, hutaja jina, jimbo na parokia ya nyumbani, hupigiwa makofi, na mwenyekiti huwaambia waamini kwamba huyu ni mtoto wao na wamtunze. Hiyo ndiyo mara ya mwisho suala la matunzo kutajwa hadharani. Chumba anachopewa kwa kawaida ni kile kilichokuwa stoo: kitanda kinakaa kati ya mabango ya Jubilei, ngoma iliyopasuka na sanamu ya Mtakatifu Yosefu iliyokatika mkono, inayosubiri fundi.

Siku ya frateri huanza kabla ya jogoo wa paroko. Hufungua kanisa, huwasha taa, hukagua kama divai ipo, husali Masifu ya Asubuhi, hutumikia Misa. Baada ya chai yuko ofisini akiandika vyeti vya ubatizo, kwa sababu katibu ana msiba. Mchana hufundisha dini katika shule ya msingi ya jirani. Jioni ana watoto wa Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambalo mwanzilishi wake, Askofu Charles de Forbin-Janson, hakuwahi kujaribu kuwanyamazisha watoto mia moja wa Kitanzania kwa filimbi moja. Wakiondoka watoto, huingia vijana wa VIWAWA. Wakiondoka VIWAWA, huingia kwaya, na kwaya huwa na mgogoro wa sare. Masomo aliyoagizwa na seminari kuyaendeleza na sala binafsi hupangiwa muda uliobaki.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinastahili kutazamwa peke yazo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizifanya kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, wakitaka Kanisa liishi nyumbani kwa watu, majirani wasome Neno na kubebeana mizigo. Lilikuwa wazo kubwa, na mahali pengi linafanya kazi. Frateri, hata hivyo, hatumwi kwenye jumuiya inayofanya kazi. Huko hakuna haja naye. Hutumwa pale ambapo mwenyekiti na mhazini hawajasalimiana tangu Pasaka kwa sababu ya masufuria na viti vya jumuiya vilivyoazimwa kwenye harusi vikarudi pungufu. Kijana ambaye hajawahi kumiliki sufuria huketi kati ya wazee wawili wenye wajukuu, na hutakiwa kutoa suluhu kabla ya sala ya kufunga.

Mazishi nayo yana ngazi zake. Marehemu akiwa amelipa zaka, amechangia ujenzi na ana mtoto mjini mwenye gari, huzikwa na paroko, na kama mtoto ni mkubwa serikalini, maparoko hujikuta watatu. Marehemu mwenye kadi ya jumuiya isiyojaa sana hupata paroko msaidizi. Aliyekuwa akionekana Krismasi tu hupelekewa frateri. Familia humpokea kwa heshima, lakini nyuma ya turubai sauti husikika: "Wametuletea frateri." Huduma yenyewe, inafaa isemwe, mara nyingi hupendeza kuliko zile za ngazi za juu, kwa kuwa frateri hana safari nyingine ya kuwahi na hajui habari za zamani za marehemu. Husoma Injili polepole, hushika mkono wa mjane, na hubaki mpaka kaburi limalizike kufukiwa.

Kazi iliyo kubwa kuliko zote ni kigango, yaani kituo cha sala kilicho chini ya parokia. Dominika asubuhi gari la parokia huelekea kigango cha kando ya lami, pale penye kanisa la bati jipya na chakula cha mchana kilichoandaliwa na akina mama wa WAWATA. Frateri huelekea kule ng'ambo ya mto, kwa bodaboda hadi daraja linapoishia, halafu kwa miguu. Huko ataongoza Ibada ya Neno bila padri, utaratibu uliotungiwa mwongozo na Roma mwaka 1988, na kama ameruhusiwa na askofu, atagawa Komunyo. Ibada imetangazwa saa tatu. Saa tatu kamili waliopo ni katekista, mbwa wawili na frateri. Saa nne wanakuja akina mama kutoka kisimani. Saa tano kasoro ngoma inapigwa, na kanisa linajaa kana kwamba watu walikuwa wamejificha nyuma yake.

Katekista wa kigango cha namna hiyo ndiye mwalimu halisi wa mwaka wa kichungaji, ingawa hatajwi katika barua yoyote ya seminari. Anajua nani mgonjwa, nani ameoa mke wa pili, nani ana njaa lakini hatasema. Amefanya kazi hiyo miaka mingi kwa malipo yanayomfanya frateri ajione tajiri. Kama Halmashauri ingetaka kujua jinsi frateri atakavyogeuka akikosa shamba na akakosa pia kupadirishwa, ingemtazama huyo.

Baada ya ibada ni mnada. Jogoo, mkungu wa ndizi, debe la mahindi na mayai ya bibi mmoja hupandishwa bei kwa shangwe, na jogoo akinunuliwa hurudishwa anunuliwe tena. Fedha huhesabiwa mbele ya mashahidi, huandikwa, hufungwa kwenye karatasi ya daftari na kukabidhiwa frateri azipeleke parokiani. Hapo ndipo elimu ya uchumi wa Kanisa hukamilika: kijana anarudi akiwa na sadaka ya kigango kizima mfukoni, huku akimsihi mwenye bodaboda amkopeshe nauli mpaka wiki ijayo. Akichomoa humo nauli, ni mwizi. Asipochomoa, ana deni. Akifika, mhazini hupokea fedha, hukagua hesabu mara mbili na kumwambia Mungu atamlipa. Bodaboda hana imani hiyo.

Si kwamba frateri hajawahi kufikiriwa na mtu. Mwaka 1889, mjini Caen, Ufaransa, Stéphanie Bigard na binti yake Jeanne walianzisha mfuko wa kuwasaidia waseminari wa nchi za misioni, baada ya kupata barua kutoka kwa askofu wa Nagasaki aliyekosa fedha za kuwasomesha vijana wake. Mfuko huo leo ni Shirika la Kipapa la Mtume Petro, na seminari nyingi za Afrika zimekula mkate wake. Wanawake wawili waliouza mali yao kwa ajili ya watu wasiowaona walimaliza sehemu ngumu. Kilichobaki kwa Halmashauri ni lita tatu za petroli na sabuni ya kufulia kanzu.

Upande mmoja wa matunzo hautoki kwenye mfuko wowote, na parokia huutoa bila kubana: ulinzi. Frateri hulindwa na macho ya watu wote. Akicheka na mabinti wa kwaya, anaonywa. Asipocheka, ana kiburi. Akila sahani ya pili, ni mlafi. Akiikataa, amemdharau aliyepika. Simu yake ikiita usiku, jirani huhesabu dakika. Neno likizuka, hufika kwa Gombera, mkuu wa seminari, kabla ya basi la asubuhi. Mama yake kijijini, ambaye siku hizi anaitwa Mama Frateri na hajui tena kama bado ana jina lake, hulindwa vilevile: siku kijana atakapoona kwamba wito wake ni wa ndoa, jambo ambalo malezi ya seminari yanalitazama kuwa halali na la heshima, kijiji kitamhukumu mama kwanza.

Mwaka ukiisha, paroko hutakiwa kuandika ripoti. Mwongozo wa malezi uliotolewa na Roma mwaka 2016, ukifuata mafundisho ya Yohane Paulo wa Pili ya mwaka 1992, unataka kijana apimwe katika malezi ya kibinadamu, kiroho, kiakili na kichungaji. Ripoti nyingi hukidhi vigezo hivyo kwa ufupi wa kupendeza: ni mtii, anajua kompyuta, hachagui chakula. Halmashauri ikiombwa maoni huongeza kwamba amerekebisha spika. Hakuna anayeandika kama kijana alipata mtu wa kuzungumza naye baada ya kuzika mtoto wa kwanza, au kama alikaa mezani na paroko zaidi ya muda wa taarifa ya habari. Vitu hivyo ndivyo alivyotumwa kujifunza, na ndivyo pekee ambavyo parokia ingeweza kumpa bila kuitisha harambee.

Halmashauri inaombwa basi mambo machache, yote yakiwa ndani ya uwezo wake. Fungu la frateri liandikwe kwenye makisio ya mwaka, hata likikaa chini ya fungu la maua ya altare: nauli ya vigango, sabuni, vocha na matibabu. Nauli itolewe Jumamosi, kabla ya safari. Mabango na ngoma vipelekwe kwenye ukumbi, na Mtakatifu Yosefu atafutiwe fundi. Paroko akumbushwe, kwa upole unaostahili cheo chake, kula chakula cha jioni na frateri angalau mara moja kwa wiki, televisheni ikiwa imezimwa. Wazee wa masufuria wapatanishwe na wazee wenzao.

Frateri wa sasa ataondoka muhula wa seminari ukifunguliwa. Mwingine atafika na barua yake ya utambulisho na begi moja, na godoro la stoo halifai tena.