Jinsi ya Kusomea Vikwazo Bila Kuondoa Hata Kimoja

Mhandisi mwenye kazi, watoto na mkopo wa gari ndiye mwanafunzi anayefaa kuliko wote kwa somo la usimamizi wa vikwazo. Vikwazo anavyo tayari. Anachokosa ni cheti. Vyuo vimemfikiria. Washington State University cha Pullman, Marekani, ni miongoni mwa vyuo vilivyowahi kuwafundisha somo hili wahandisi waliomo kazini, ngazi ya uzamili, kwa njia ya masafa. Viza huhitaji, koti la baridi huhitaji. Fuata mwongozo huu nawe utahitimu umeiva kinadharia, na kiwanda chako kitabaki vilevile ulivyokikuta.

1. Isome hadithi, uyaache mafunzo

Kitabu kikuu cha somo hili ni riwaya. Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, aliitoa The Goal mwaka 1984 akishirikiana na Jeff Cox. Shujaa wake, Alex Rogo, ni meneja aliyepewa miezi mitatu kukinusuru kiwanda. Siku moja anawaongoza vijana wa skauti matembezini, na msafara unakatika vipandevipande kwa sababu kijana mmoja, Herbie, anakwenda polepole. Rogo anamweka Herbie mbele, kisha anaufungua mkoba wake na kuwagawia wenzake mizigo. Msafara mzima unaongeza mwendo.

Ukifika hapo funga kitabu, kesho yake anza kumwita fundi wa matengenezo Herbie. Habari za mkoba wake usiulize.

2. Kitafute kikwazo ukiwa umeketi

Hatua ya kwanza kati ya tano za Goldratt ni kukitambua kikwazo. Chukua kiwanda cha soda. Kwa kawaida mtambo hupangwa makusudi ili mashine ya kujaza iwe ya polepole kuliko zote. Zilizo kabla yake na baada yake hupewa kasi zaidi, ili isikose chupa tupu wala isizibiwe njia na zilizojaa. Mtu mwenye haraka angekwenda kusimama pale nusu saa. Mashine ikisimama huku chupa tupu zimebanana mlangoni na njia ya mbele ni nyeupe, angejua tatizo ni lake yenyewe. Ikisimama kwa kukosa chupa, angefuata mkanda kurudi nyuma.

Wewe una elimu. Kule kuna kelele, na sakafu imelowa. Fungua Excel, chora duara la rangi saba, na kila idara uipe kipande chake cha lawama. Kikwazo kikiwa cha wote hakuna atakayekasirika, na hakuna atakayeguswa.

3. Kitumie kikwazo chako kikamilifu

Kanuni inasema saa iliyopotea kwenye kikwazo imepotea kwa kiwanda kizima, na saa iliyookolewa kwingine ni faida ya kwenye karatasi. Ndiyo maana penye nidhamu mashine ya kujaza haizimwi eti mwendeshaji amekwenda kunywa chai. Mtu wa kumpokea huwa ameshasimama tayari.

Nyumbani kikwazo chako ni saa ile moja watoto wakishalala. Itumie vizuri. Panga mafaili kwenye kompyuta. Tazama video ya namna ya kutunza muda. Linganisha bei za vipokea sauti vya masikioni. Ukisikia usingizi unakuja, fungua somo.

4. Nyumba nzima icheze ngoma yako

Hatua ya tatu inataka vingine vyote vikitumikie kikwazo. Kiwandani kuna ngoma, akiba na kamba. Ngoma ni mwendo wa kikwazo, unaofuatwa na wote. Akiba ni kazi kidogo inayowekwa mbele yake kisikae bure. Kamba huzuia malighafi isiingizwe mtamboni kuliko kinavyoweza kumeza.

Watangazie wa nyumbani kwamba kuanzia leo wewe ndiye ngoma. Jiandae kwa swali: “Baba Neema, na hiyo ngoma ndiyo itakayompeleka mtoto kliniki?” Usijibu. Andika tu kwenye daftari kwamba mfumo unapinga mabadiliko.

5. Heshimu tarehe ya mwisho, na si siku moja kabla yake

Mwaka 1997, katika riwaya nyingine, Critical Chain, Goldratt aliwaumbua wanafunzi wa dunia nzima. Mtu akiulizwa kazi itachukua muda gani, anajiongezea siku za usalama. Akishapewa, anakaa mpaka dakika za mwisho. Siku zile huliwa mwanzoni, wakati hakuna ajali, na ajali ikija hazipo. Dawa yake ni kuzikata kwenye kila kazi ndogo, kisha sehemu yake iwekwe mwishoni kama akiba moja ya mradi mzima.

Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa ana dawa yake. Kazi inayotakiwa Jumapili saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za Pullman, kwake ni Jumatatu saa nne kasoro dakika moja asubuhi. Novemba Wamarekani wakirudisha saa nyuma, anazawadiwa saa nzima bure. Ilale. Machi wataidai.

6. Rukia hatua ya nne

Kukiongezea kikwazo uwezo kumewekwa baada ya kukitumia vizuri kilichopo. Ni utaratibu wa watu wasio na bajeti. Mashine mpya ina ankara ya kifani, safari ya ukaguzi na utepe wa kukatwa. Kumpanga mtu apokee zamu wakati wa chai hakuna utepe.

7. Andika mradi usiomuudhi mtu

Hapa ndipo pagumu. Wafuasi wa Goldratt husisitiza kwamba vikwazo vingi ni taratibu, mashine zinasingiziwa tu. Basi utauliza mashine ya kujaza husimama kwa nini, uambiwe sili za vali zimechakaa. Mpya ziko wapi? Fundi atakutolea kabrasha lenye mafuta: ombi limetoka stoo, likapita manunuzi, likapita kwa mhasibu, na sasa linasubiri saini ya mkurugenzi, aliye safarini. Kipuri cha bei ya chakula cha mchana kinahitaji saini ileile inayonunua lori.

Mkurugenzi huyohuyo ndiye aliyekubali kukulipia ada, na ndiye atakayeidhinisha takwimu za kampuni zitoke. Andika kwamba kikwazo ni mawasiliano. Pendekeza kamati.

Njia nyingine ipo, naitaja kwa ukamilifu tu. Mpelekee mkurugenzi kabrasha lile pamoja na hesabu ya kreti zilizokosekana kila sili ilipopasuka, umwombe kiwango cha fedha ambacho chini yake mkuu wa matengenezo anajisainia mwenyewe. Ni ukurasa mmoja. Mashine itazunguka, na kikwazo kitahamia kwenye malori, au sokoni.

Itabaki hatua ya tano: kurudi mwanzo kabla mazoea hayajawa kikwazo kipya. Kwa kazi hiyo nzuri utapandishwa cheo. Bei zitapanda, kiwango ulichokiomba kitabaki palepale, na maombi yataanza kulala mezani kwako ukiwa safarini. Mhandisi kijana atajiandikisha kusomea vikwazo kwa masafa. Fomu ya ada yake itahitaji saini yako.