Mhadhara wa Bingwa wa Unguja Kuhusu Tenisi ya Mkononi

Mabwana wa barazani, nakushukuruni kwa utulivu, ingawa wengine naona mmenyamaza kwa kuwa kahawa ndiyo kwanza imemiminwa. Hapa Jaws Corner hakuna asiyenijua. Mimi ndiye bingwa wa Unguja wa Tenisi, mchezo wa mashine ya mkononi ya Game Boy, na leo nimeombwa nitoe mhadhara. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, maana nyinyi mngechelewa.

Mchezo huu ulitolewa na Nintendo mwaka 1989. Mwaka huo mimi nilikuwa Maskati, kijana mtanashati, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kazi ya mkono, watu njiani wakiniamkia wakidhani mtoto wa waziri. Nikaingia dukani kuununua, mwenye duka akanitazama akasema, "Huyu ndiye." Alisema Kihindi, na Kihindi mimi sikijui, lakini sifa hujulikana kwa macho. Nyumba niliyofikia ilikuwa na ngazi za marumaru... Haya, tenisi.

Maoni ya wachezaji nimeyasikia. Fundi simu mmoja wa Darajani anasema kioo hakina rangi, kijani kimoja tu chenye vivuli vinne. Kijana, kisiwa hiki kilikuwa na televisheni ya rangi miaka ya 1970, Bara walikuwa hawana hata ya nyeusi na nyeupe! Rangi tumeziona, tumeshiba. Binti mmoja naye anasema mchezo mwepesi: kifungo kimoja unapiga, kingine unarusha mpira juu, basi. Mwepesi! Bao lina kete 64, ukiharibu utasingizia kete. Huu una mpira mmoja tu. Utamsingizia nani?

Utamsingizia refa. Yule mfupi mwenye masharubu, aliyepanda kiti kirefu kando ya uwanja, mnamwona? Miaka mingi nimekuwa nikimlenga yeye kwa mipira yangu mikali, naye hata raketi hainui. Mjukuu wangu akanambia, "Babu, huyo Mario, ndiye refa." Najua! Nilikuwa nampima uadilifu wake, na nimeuona mdogo.

Ipo fitina mtaani, ati sijapata kushinda hata ngazi ya chini kabisa ya mchezo. Fitina hii imetungwa na watu wasiojua adabu ya ubingwa. Ngazi ya chini ni ya wanafunzi. Mtu wa hadhi yangu akishinda huko, ataonekana mchoyo.

Wanauliza pia ubingwa niliupata wapi. Watu wawili wakitaka kushindana, lazima wawe na mashine mbili, kaseti mbili na waya wa kuziunganisha. Unguja nzima sijaona mwenye mashine ya pili. Basi nani aliyenishinda? Nitajieni jina lake!

La mjukuu wangu msilitaje. Kweli, alifika ngazi ya juu siku ile ile aliyoshika mashine, lakini ilikuwa lini? Ni baada ya kebo ya umeme ya baharini kuharibika Disemba 2009, Unguja haina umeme hadi Machi 2010, jenereta zinanguruma kila kichochoro. Katika hali hiyo nani angecheza kwa kiwango chake?

Nani kasema mashine inatumia betri? Inatumia betri nne, najua, pesa nilitoa mimi. Lakini kioo chake hakina taa! Kwenye kiza utaona mpira gani?

Saa nane mchana? Nani huyo anayesema ilikuwa saa nane mchana? Mwambieni mtoto huyo arudi chuoni, wakubwa wanazungumza.

Hukumu yangu ni hii: mchezo mzuri, refa mbaya, kizazi kibaya zaidi. Anayetaka kufundishwa na bingwa aje kesho baada ya alasiri. Ada ni betri nne, na kahawa niliyokunywa leo lipeni nyinyi.