Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Ubia

Kwa Mheshimiwa Ubia wa Sekta ya Umma na Sekta Binafsi,
Popote palipo na hoteli yenye ukumbi wa mikutano.

YAH: MAFUNZO YA WABANGUAJI WA KOROSHO

Mheshimiwa Ubia apokee salamu kutoka Mtwara, ambako jina lake linajulikana kuliko sura yake. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2010, imefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja, na siku hizi hotuba ya kilimo isiyomtaja huonekana haijaiva. Husifiwa kwa kuwapa ujuzi vijana wa mashambani na viwandani. Akinamama wanaobangua korosho hawajawahi kugombea naye sifa hizo.

Huenda hajaketi nao, basi aelezwe kidogo. Korosho huchomwa au hupikwa kwa mvuke, huachwa ipoe, kisha ganda hupasuliwa moja moja. Ndani ya ganda mna mafuta makali yanayobabua ngozi. Asiye na glavu hujipaka vidoleni mafuta ya kula au majivu. Kiini kikitoka kizima chaweza kuingia daraja la W320, yaani takriban punje 320 kwa ratili. Kikivunjika, bei inaanguka palepale mezani, na mara nyingi ujira hupimwa kwa kilo. Fundi na mwanagenzi hujulikana jioni, sinia linapopelekwa kwenye mizani.

Haki itendeke: makosa mengine yalifanyika Mheshimiwa hajazaliwa. Serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangua, sehemu kubwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Wakati huohuo mavuno yaliporomoka, kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Mashine zikakosa korosho. Baadaye viwanda vikauzwa kwa watu binafsi, na baadhi vikageuzwa maghala. Msimu wa 2017/18 mavuno yakapita tani 313,000, na sasa ikawa zamu ya korosho kukosa mashine: nyingi husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Huko Kollam, jimboni Kerala, akinamama walishabobea zamani. Vietnam wanaunda mashine zao wenyewe. Kwa hiyo mafunzo yapo, na korosho za Tandahimba na Newala zinahudhuria bila kukosa.

Fedha je? Mheshimiwa hupenda kusema wadau wachangie. Wameshachangia. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara, na kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo iliyofika VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Sheria imewaachia wenye mashamba: vibarua wanaolima tu hawahesabiwi kwenye tozo, ila wanaosindika mazao wanahesabiwa. Kibarua wa palizi hana tozo wala mafunzo, jambo ambalo angalau lina mantiki. Mbanguaji tozo anayo.

VETA wanaujua uanagenzi, ule unaomgawia mwanafunzi muda kati ya chuo na kiwanda. Tatizo ni hicho kiwanda. Minada hufunguliwa mwezi Oktoba, na mwenye kiwanda anatakiwa anunue ndani ya miezi michache korosho ya kubangua mwaka mzima, akishindana na wasafirishaji wenye fedha taslimu. Mtaji ukimwishia, ghala linakauka, mlango unafungwa na mwanagenzi anarudi nyumbani akiwa amejifunza nusu ya kazi. Hapo ndipo Mheshimiwa angefaa hasa: mkopo wa kununulia malighafi, wenye riba ya kibinadamu, uliofungamanishwa na idadi ya wanagenzi watakaofunzwa. Lakini mkopo wa namna hiyo haupigwi picha ya pamoja, na hauna fulana.

Wala haombwi aache warsha. Anaombwa tu ijayo ifanyike ndani ya banda la kubangulia, ajenda ikiwa korosho gunia moja kwa kila mjumbe, kuanzia saa moja asubuhi. Glavu zitakuwepo kwa watakaowahi. Posho ilipwe kwa kilo ya punje nzima, na vipande vikatwe kwenye bahasha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wapokea Wageni wa Mradi

Nakala: Mhasibu wa Posho, kwa utekelezaji.