Santuri Safi, Mfuko Mtupu

Ukiwasikiliza baadhi ya wapenzi wa santuri, utadhani vumbi ni maradhi ya kuambukiza na tiba yake haipatikani ila kwa mashine ya bei ghali inayoogesha sahani kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Sikio halisikii, mfuko unasikia. Kazi yenyewe si ya ajabu. Uchafu wa kwenye mifereji ni vumbi lililogandishwa na mafuta ya vidole. Panahitajika kimiminika cha kuulegeza na namna ya kukiondoa kabla hakijakauka na kuuacha palepale. Maji yaliyokenekwa, tone la sabuni isiyo na manukato, brashi laini na kitambaa kisichoacha nyuzi hufanya sehemu kubwa ya hayo.

Watajibu kwamba mashine za aina nyingine hufyonza kile ambacho kitambaa hukisukuma ndani zaidi. Kweli, na ndiyo maana BBC ilitumia mashine za kufyonza za Keith Monks. Lakini BBC ilikuwa na maktaba ya redio. Bwana mkubwa ana santuri thelathini, na kumi kati yake hajazitoa hata kwenye nailoni. Tena mashine haimwongezei mtu akili. Dawa yenye alkoholi, inayosifiwa sana kwa vinaili, huyeyusha sheleki, na sheleki ndiyo iliyotumika kutengenezea sahani za mizunguko 78 kwa dakika, zikiwemo zile alizorekodi mwimbaji Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Zioshe kwa dawa hiyo: vumbi halitarudi tena, maana litakosa mfereji wa kukaa.