Hila Nne za Kuupunguza Mwanga Kitambi

Mwanga una kitambi. Mwaka 1873 Ernst Abbe wa Jena, Ujerumani, alipiga hesabu akakuta kwamba hata uukusanye kwa lenzi nzuri namna gani, doa lake haliwi dogo kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi: nanomita 200 hivi kwa mwanga tunaouona. Kanuni yenyewe imechongwa kwenye mnara wake huko Jena. Kuchonga katazo kwenye jiwe ni uchokozi, na wanafizikia wakaanza kutafuta mlango wa uani. Tuanzie mkiani. Mpangilio ni wangu, usiulize.

4. Metalenzi. Mwaka 2016 kundi la Federico Capasso, Harvard, lilipanga nguzo za titani dioksaidi zenye kimo cha nanomita 600, kila moja ikielekezwa upande wake, ikawa lenzi bapa. Inapendeza, lakini inamtii Abbe kama mwanafunzi wa madrasa. Ndiyo maana iko mkiani.

3. Superlenzi. Mwaka 1967 Victor Veselago aliandika kuhusu mata inayopinda mwanga kinyume. Tatizo dogo: haikuwapo popote. Mwaka 2000 John Pendry wa London akaonyesha kwamba utando mwembamba wa fedha (ya kidani, si ya mfukoni) unaweza kuiga sehemu ya kazi hiyo. Mwaka 2005 kundi la Xiang Zhang, Berkeley, likatumia utando wa nanomita 35, likachora mistari ya nanomita 60. Lakini taswira hufia palepale mlangoni mwa utando. Fedha, bwana! Ya kidani au ya mfukoni, haifiki nyumbani.

2. Haipalenzi. Mwaka 2007 kundi lilelile likapanga tabaka za fedha na oksidi ya alumini, zikapindwa mfano wa nusu bomba. Taswira hutanuka ikielekea nje hadi hadubini ya kawaida ikaiona. Safari hii fedha imefika.

1. Donati. Mwanga ukisokotwa kama parafujo, katikati hubaki tundu la giza. Stefan Hell alilizungushia doa la mwanga pete ya namna hiyo, ikazima molekuli zote zinazong'aa isipokuwa zile za tunduni. Abbe hakupingwa, alizungukwa. Hell akagawiwa Nobel ya Kemia ya 2014. Sasa wapo wanaotaka kuipitisha donati ndani ya haipalenzi, iingie kwa nje na kusinyaa kuelekea ndani. Kikwazo ni ileile fedha: hunywa mwanga mwingi njiani.