Heshima ya Gari Kubwa: Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kusini Pemba

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,



 Kabla sijasema lolote naomba radhi kwa kukuchukulia muda wako. Najua mezani kwako yapo ya barabara, ya maji, ya skuli na ya hospitali, na najua mtu kama mimi alitakiwa aanzie kwa Sheha, kisha jambo lipande kwa Mkuu wa Wilaya ndipo likufikie. Kwa Sheha nimekwenda, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Andika, mwanangu, hili si lako peke yako." Kwa ruhusa hiyo ndipo nilipothubutu kushika kalamu.

Mimi ni mkosha gari wa hapa Vitongoji. Banda langu liko kando ya barabara itokayo Chake Chake, chini ya mwembe. Nina tangi la maji, pampu ya presha, mashine ya kuvutia vumbi na vijana wawili wa hapa hapa kijijini. Kazi hii nilijifunza Maskati, kwa mjomba wangu, kwa muda wa miaka minne. Nilirudi kwa sababu niliamini kwamba kazi ambayo Mpemba anaifanya vizuri ugenini, anaweza kuifanya vizuri zaidi nyumbani kwao.

Ninalokuandikia, Mheshimiwa, ni habari ya punguzo la bei.

Mwaka jana, Idi ilipokaribia, nilitundika ubao mbele ya banda: GARI ZA FAHARI NUSU BEI. Nilikuwa nimeshaziona gari hizo zikiteremka melini Mkoani na kupita zake: Land Cruiser, Prado, Alphard, na mara moja moja Range Rover. Nyingine ni za wageni wanaokuja kwa Idi na harusi, nyingine ni za wanaohudhuria shughuli kubwa pale Gombani, na nyingine ni za ndugu zetu waliojaaliwa, wakaazi wa Chake na Wete. Hazikuwa zikisimama kwangu. Nikajisemea kwamba nikimpata mmoja kwa bei ndogo, ataona kazi, atawaambia wenzake, na wenzake watalipa bei kamili. Ushauri huo nilipewa na wafanyabiashara wenye uzoefu kuliko mimi, na walinipa kwa nia njema.

Wenye gari walikuja. Mwezi ule nilipata gari kumi na moja za namna hiyo, nami nilifurahi mno. Jioni mke wangu alipofungua daftari, furaha ikatulia.

Naomba unipe ruhusa nikuwekee hesabu yenyewe mbele yako, kwa kuwa wewe unasoma hesabu kubwa kuliko hizi na utaiona haraka. Kazi kamili ya gari kubwa, yaani kuikosha nje, kuitoa chumvi na matope chini, kusafisha ndani na viti vya ngozi, kuing'arisha rangi na kuipaka nta, bei yangu ni shilingi 80,000. Dawa, nta, vitambaa, maji na umeme hula 22,000. Vijana wawili nawalipa kwa kila gari, kila mmoja 15,000. Hapo nimeshatoa 52,000, nami nabakiwa na 28,000 za kulea familia na kutengeneza pampu. Nikikosha kwa nusu bei napokea 40,000. Maana yake kila gari ya fahari iliyotoka bandani kwangu inang'ara, ilitoka na shilingi 12,000 za mfukoni mwangu. Kwa gari kumi na moja ni 132,000.

Pesa hizo zilitoka wapi? Gari ndogo naikosha kwa 5,000, na nikiondoa gharama hubaki kama 1,500. Ukigawa, utakuta kwamba hasara ya gari kumi na moja za fahari ililipwa na gari themanini na nane za watu wa kawaida: mwalimu wa skuli mwenye Vitz yake, dereva wa gari ya abiria ya Chake na Wete, mama anayepeleka samaki sokoni kwa gari ya kukodi na anataka irudi kwa mwenyewe haina harufu. Hawa hakuna aliyewapunguzia. Walilipa bei kamili, wakashukuru, wakaenda zao bila kujua kwamba wamechangia mng'aro wa gari ambayo hata mlango wake hawajaugusa.

Mheshimiwa, hilo ndilo lililoninyima usingizi. Wenye gari kubwa sikuwaonea kijicho hata kidogo. Riziki ni ya Mungu, humpa amtakaye. Niliona haya kwa sababu dhulma ile niliipanga mwenyewe, kwa mkono wangu, na nikaiandikia ubao.

Liko na la pili, nalo naomba nilieleze kwa utulivu. Siku moja ziliingia gari tatu kwa pamoja, zote za nusu bei. Nusu bei humlazimisha mkoshaji afanye gari tatu kwa muda wa moja. Kwa kawaida tunatumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka kwenye gari usirudi kwenye gari. Siku ile kijana wangu alitumia ndoo moja. Kitambaa kikamponyoka kikaanguka chini, akakikung'uta mara mbili, akaendelea nacho. Nilimwona. Sikumzuia, kwa sababu gari ya tatu ilikuwa inasubiri.

Gari yenyewe ilikuwa nyeusi. Rangi ya gari, Mheshimiwa, ina tabaka la juu kabisa, angavu kama kioo, na unene wake kwa kawaida haufiki hata unene wa unywele. Punje moja ya mchanga chini ya kitambaa inatosha kulichora. Na maji yetu ya huku, yanayotoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa. Yakikaukia juani huacha madoa meupe, ndiyo maana gari hukoshwa kivulini na kukaushwa upesi. Yule bwana alikuja kuichukua mnamo saa nne asubuhi, jua limeanza kupiga ubavuni. Akainama juu ya boneti, nami nikainama naye. Nikaona anachokiona: mikwaruzo myembamba ya duara, mmoja ndani ya mwingine, kama utando wa buibui wakati wa umande. Akapitisha kidole polepole. Hakunigombeza. Akatoa 40,000, akanipa mkononi, akasema, "Ahsante, mwanangu," akaondoka. Hajarudi tena.

Katika wale kumi na moja alirudi mmoja tu. Nilipomtajia bei kamili alistaajabu kwa haki kabisa: "Mbona siku ile ilikuwa arubaini?" Kumbe bei niliyodhani ni ya kumkaribisha, yeye aliichukua kuwa ndiyo thamani ya kazi yangu. Na mimi ndiye niliyemwambia hivyo, kwa maandishi makubwa.

Nimekaa nikafikiri chanzo chake, nikaona hakikuanza na ubao wangu. Sisi Wapemba tumelelewa kumstahi mkubwa. Mtu mwenye cheo au mwenye mali akisimama dukani, muuzaji huona haya kumtajia bei. Humtajia ndogo, na pengine humwambia "chukua tu". Ni malezi mema, na waliotulea hivyo Mungu awarehemu waliotangulia na awape umri waliobaki. Lakini nimejifunza kwa gharama kwamba heshima ya gari kubwa ni kuikosha vizuri. Kuikosha kwa bei rahisi hakumheshimu mwenye gari, maana kazi yenyewe hupungua pale bei inapopungua, na anayekuja kulipia upungufu huo ni mnyonge aliyepanga foleni nyuma yake.

Pale Maskati, wenye gari za thamani waliokuja kwa mjomba walikuwa hawaanzi na bei. Walitazama vitambaa. Waliuliza ndoo ngapi, sabuni gani, kivuli kiko wapi, nani atakayeigusa gari. Mtu aliyenunua gari kwa mamilioni haogopi 80,000, anaogopa mkwaruzo. Akiona nusu bei hujiuliza ni kitu gani kilichopunguzwa, na ana haki ya kujiuliza. Wazee walisema kizuri chajiuza. Mimi nilikuwa nacho kizuri, nikakitembeza.

Nawe, Mheshimiwa, unaongoza mkoa wa karafuu, kwa hiyo jambo hili hulihitaji kufundishwa na mimi. Miaka ile bei ya karafuu ilipokuwa chini, mashamba yalikosa wa kuyapalilia, na karafuu nyingi zikavushwa usiku kwa magendo kwenda Mombasa. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha bei ya mkulima kwa kiasi kikubwa, chini ya mpango wa kumpa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Watu wakarudi mikarafuuni. Tena karafuu hupimwa kwa madaraja: aliyechuma kwa wakati, akachambua makonyo vizuri na kuanika kwenye jamvi safi, hupata bei ya daraja la kwanza. Sikuwahi kusikia Serikali ikimwambia mnunuzi mkubwa wa ng'ambo kwamba, kwa kuwa yeye ni mkubwa, achukue daraja la kwanza kwa bei ya la tatu. Ninaomba tu hekima hiyo iliyotumika kwa karafuu itufikie na sisi wa kazi ndogo ndogo.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu na kwa adabu zote, naleta kwako maombi matatu.

La kwanza. Unapopokea wageni wa mkoa wetu, wanaokuja na gari zao kwa sherehe, kwa uwekezaji au kwa matembezi, wakauliza habari za huduma, naomba uwaambie neno moja tu: Pemba bei ni ile iliyoandikwa, na kazi ni ile iliyolipiwa. Neno kama hilo nikilisema mimi ni ubishi wa mkosha gari. Ukilisema wewe linakuwa desturi ya mkoa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji hawezi kupona ikiwa kila mgeni anamwacha na hasara ya 12,000.

La pili. Hapa hapa Vitongoji tuna Kituo cha Mafunzo ya Amali, neema ambayo vijiji vingi havina. Naomba, kama itakupendeza, uzungumze na wahusika ili utunzaji wa gari upewe nafasi ya kozi fupi: aina za rangi, dawa za ngozi na za vitambaa, jinsi ya kukausha gari kwa maji yenye chokaa, jinsi ya kuitoa chumvi chini ya gari inayokaa pwani, jinsi ya kupiga hesabu ya gharama kabla ya kutaja bei. Gari zetu zinaliwa na upepo wa bahari upande huu wa mashariki na kupakwa udongo mwekundu upande wa mashamba, kwa hiyo kazi haitakosekana. Mimi niko tayari kufundisha siku mbili kila wiki bila malipo, na ndoo nitakuja nazo.

La tatu ni dogo, lakini kulitaja kwangu ni zito. Ubao wangu wa nusu bei nimeuteremsha. Nimeugeuza nikaandika upya: bei moja kwa kila gari ya ukubwa mmoja, awe mwenyewe nani. Chini yake nimeandika tunachokifanya, hatua kwa hatua, ili mteja ajue pesa yake imekwenda wapi. Punguzo nimelibakisha kwa mtu wa aina moja tu, anayemleta mgonjwa Hospitali ya Vitongoji kwa gari ya kuazima na anataka airudishe safi. Huyo simtozi.

Sasa, Mheshimiwa, inshaallah iko siku utapita Vitongoji katika ziara zako, na gari yako itakuwa imechafuka kwa safari. Nitafurahi mno ukisimama chini ya mwembe wangu. Nitakuwekea kiti kivulini na dafu la kukata kiu, na hivyo ni vya ugeni, havilipiwi. Vijana wangu wataikosha gari yako kwa ndoo mbili na vitambaa vilivyofuliwa asubuhi ile, nami nitasimama pale mpaka tone la mwisho likaushwe. Utakapouliza kiasi gani, nitakutajia bei iliyoandikwa ubaoni kwa gari ya ukubwa wa yako, kama nilivyomtajia ya gari yake mwalimu aliyekutangulia kwenye foleni.

Na hilo ndilo ombi langu la tatu: nakuomba sana, siku hiyo, usinione nimekosa adabu. Itakuwa ndiyo heshima kubwa kuliko zote nilizonazo, na nitakupa yote.

 

Wako mtiifu,
Mkosha gari wa Vitongoji,
Wilaya ya Chake Chake, Pemba