Mahakama ya Radiohead
Watupie mashabiki wa bendi ya Radiohead swali moja tu: albamu ya OK Computer ya 1997 au Kid A ya 2000? Mawakili watajaa papo hapo. Wa Kid A ndio wanaojisikia zaidi. Humo magitaa mengi yamewekwa kando, sauti ya mwimbaji Thom Yorke imevurugwa kwa mashine, hakuna hata singo iliyotolewa. Basi kwao kutoeleweka ndiyo sifa yenyewe. Ukisema hujaipenda, hujaisikiliza vizuri. Rudia kwa hedifoni. Rudia usiku, taa zimezimwa.

Na ole wake atakayeitetea Pablo Honey ya 1993, ingawa ndiyo yenye Creep, wimbo uliowatambulisha duniani! Huyo hata hatukanwi. Anajibiwa "sawa", na mjadala unaendelea kana kwamba aliyepita ni paka.